Picha ya Mlango wa Kasam

Lamis aliulizwa kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu akajibu vile vile.

"Sikwenda. Siku ile sikwenda kwake, dada. Nilikuwa na homa, nimejilalia."

"Nani alikuona umelala?" Inspekta Mapenzi Kiti aliuliza.

"Anione nani? Nakaa peke yangu."

Basi hapo ndipo Mapenzi alipokwama, na hapo hapo ndipo Bwana Mutunga, mkuu wa upelelezi, alipoona kesi imekwisha. Ukiishi na jamaa zako wataambiwa wanakutetea. Ukiishi peke yako utaambiwa huna shahidi. Sasa mtu afanyeje? Kasam fundi saa alikutwa amekufa chini ya ngazi za nyumba yake, Mji wa Kale, kisogo kimepasuka. Mteja aliyekuja kuchukua saa yake ndiye aliyemwona, na mlango haukuwa umevunjwa. Lamis ndiye aliyekuwa akimpikia, na ufunguo wa pili alikuwa nao yeye. Juu ya yote hayo kulikuwa na picha, nyeusi na nyeupe: mlango wa Kasam alasiri aliyokufa, na mwanamke wa buibui akiondoka, ameipa kamera mgongo. Lamis huvaa buibui. Mutunga alikuwa ameshaandika shtaka la kuua, na asubuhi ya pili Lamis angepandishwa kizimbani.

"Nusu ya wanawake wa mji huu huvaa buibui, afande," Mapenzi alimwambia.

"Na nusu hiyo haina ufunguo wa Kasam," Mutunga akamjibu. "Una mpaka jioni. Ukirudi mikono mitupu, usiniletee maneno."

Mapenzi alimtazama Lamis kupitia nondo. Tangu aingie mahabusu hakuna mtu aliyekuja kumuulizia, wala kumletea chai ya chupa. Jamaa za wenzake walipoita majina pale kaunta, Lamis alikuwa akiinua kichwa kila mara, kisha akikiinamisha. Upweke wa namna hiyo Mapenzi aliujua. Katika kota za polisi alikokaa angeweza kuugua wiki nzima, na wa kwanza kugundua angekuwa paka wa jirani.

"Nikikutoa humu nitakutoa kwa ukweli, si kwa huruma," akamwambia. "Kama ulikwenda, niambie sasa."

"Sikwenda."

Mapenzi akaitia picha ndani ya bahasha, akamwita Koplo Ogutu, wakatoka.

Ogutu alikuwa pande la mtu, na vichochoro vya Mji wa Kale alivichukia kwa dhati, maana kila kona ilimpiga bega. Mbele ya nyumba ya Kasam walimkuta Athmani muuza kahawa ameketi na dele lake juu ya makaa. Huyu ndiye aliyewaambia polisi kwamba siku ile Mzee Zoeb mpiga picha alikuwa amesimama pale kwenye kona, na mlango wa Kasam ulipofunguliwa akainua kamera. Aliyetoka Athmani hakumwona. Alikuwa ameinama akipuliza makaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mumerudi tena? Ketini mnywe kahawa. Na huyo askari wako mbona amenuna, amefiwa?"

"Amebanwa na kuta," Mapenzi akasema.

Akaenda kusimama pale alipokuwa amesimama Zoeb, akaitoa picha na kuiinua mbele ya uso wake. Ndivyo alivyofunzwa: picha ya ushahidi usiitazame mezani, irudishe ilikotoka. Akatazama picha, akatazama mlango. Akarudia.

"Ogutu, mlango huu una rangi gani?"

"Buluu, afande."

"Buluu ya namna gani?"

"Buluu kabisa. Ya wino."

"Na kwenye picha?"

Ogutu akainama, akakunja uso. "Karibu uwe mweupe."

Mlango uliopakwa rangi baada ya mtu kufa! Mtu hapaki rangi nyumba ya maiti kwa urembo; hupaka kufunika kitu, na aghalabu kitu chenyewe huwa damu. Akausogelea, akaukwaruza pembeni kwa ukucha.

"Mzee Athmani, mlango huu ulipakwa lini?"

Athmani alicheka mpaka akakohoa. "Mlango huo? Mwanangu, mlango huo ni buluu tangu mamake Kasam yu hai. Hebu utazame ulivyopasuka!"

Kweli. Rangi ilikuwa imejaa nyufa, na ndani ya nyufa mna vumbi la miaka. Mapenzi akasonya. Ogutu akatazama viatu vyake ili asicheke.

Haya, mlango haukubadilika. Basi iliyobadilika ni picha. Mapenzi akarudi konani, akaanza kuvipitia vitu vyote kimoja kimoja. Ukuta ulikuwa mweupe kwa macho, na pichani mweupe. Kivuli sawa. Juu ya kibanda cha jirani kulikuwa na kibao cha soda, chekundu cha kupiga kelele. Pichani kibao hicho kilikuwa cheusi tititi, cheusi kuliko kivuli chenyewe, ila herufi zake nyeupe zilibaki nyeupe.

"Lakini afande, si ndivyo zilivyo picha zisizo na rangi?" Ogutu akasema. "Kila kitu ama cheusi ama cheupe."

"Kuna kijivu hapo kati. Buluu ya wino ilipaswa iwe kijivu kilichokoza. Hapa buluu imekuwa nyeupe, na nyekundu imekuwa nyeusi."

Akamtazama yule mwanamke wa pichani, mweusi kutoka utosini hadi nyayoni.

"Twende kwa Zoeb," akasema.

"Na kahawa?" Athmani akauliza.

"Tutarudi, mzee."

"Husema hivyo hivyo, msirudi," Athmani akasema, akajimiminia mwenyewe.

Studio ya Mzee Zoeb ilikuwa upande wa Makadara, naye akikaa ghorofa ya juu. Zamani hapakuwa na arusi Mji wa Kale isiyopitia mlango huo. Siku hizi watu walikwenda kwenye maduka ya mashine, wakapata picha zao kabla soda haijaisha, na Zoeb akabaki na pazia lake lililochorwa bustani na kiti ambacho hapana aliyekikalia. Alikuwa mzee mwembamba, Mhindi wa Kibohora, ndevu nyeupe, kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu.

Meza yake yote ilijaa picha za mitaani. Alikuwa akichagua za maonyesho, alisema. Ukumbi ameshaupata, watazamaji Mungu atawaleta.

"Hutembea na kamera mbili shingoni," akaeleza, na ilionekana wazi kwamba amepitisha siku nyingi bila mtu wa kumweleza. "Moja ina filamu ya rangi, moja ya nyeusi na nyeupe. Nikipata nafasi kitu nakipiga mara mbili, kisha nyumbani nachagua. Na kuchagua ndiko kazi, mwanangu! Tazama huyu muuza ndimu. Ukimtoa rangi umemuua. Ndimu zisizo na rangi ni mawe. Lakini mchukuzi huyu wa Mbaraki, fulana yake ilikuwa ya manjano. Ikanipigia kelele weee. Nikaiacha ya rangi, nikachukua hii, sasa waona uso. Rangi ikisema kumshinda mtu, iondoe. Sina kanuni nyingine."

"Na hii?" Mapenzi akaiweka picha ya mlango wa Kasam juu ya zile nyingine.

Mkono wa Zoeb ukasimama. "Hiyo nimeshawapa."

"Mbona hii ulichagua nyeusi na nyeupe?"

"Kichochoro kina kivuli kingi. Rangi hufa kivulini. Tena mtu aliyekupa mgongo hana uso, amebaki umbo, na umbo halitaki rangi."

Maneno yalikuwa mazuri. Ubaya wake ni kwamba yalikuwa tayari. Kwa muuza ndimu na kwa mchukuzi Zoeb alikuwa akisita, akitafuta neno. Kwa hii aliyamwaga kama mtoto asomaye mbele ya mwalimu.

Mapenzi akapekua pale mezani bila haraka, mpaka akapata alichokitaka. "Huu nao si mlango wa Kasam?"

"Naam. Hiyo ya mwaka wa tisini na tatu, kabla ya mvua kubwa."

"Mzee, mlango mmoja, mpiga picha mmoja, na zote mbili hazina rangi. Hapa mlango ni kijivu cha moshi, na kibao cha soda kijivu pia. Hapa mlango mweupe, kibao makaa. Nieleze, mimi mtu wa Ganze, mambo ya picha siyajui."

"Ni jua."

"Jua gani hilo ligeuzalo nyekundu kuwa nyeusi na buluu kuwa nyeupe?"

Ogutu akasogea mlangoni, na mlango ukajaa.

"Nikwambie ninavyoona," Mapenzi akasema. "Hii ya zamani ilitoka kwenye kamera ya nyeusi na nyeupe. Hii uliyotupa haikutoka humo. Mtu hutoka mlangoni mara moja tu, hakungoji ubadilishe kamera. Siku ile ulikuwa umeshika kamera ya rangi. Negativu, filamu yake ya rangi, ukaichapa kwa karatasi isiyo ya rangi, na karatasi hiyo ikaharibu mambo kwa kuwa si nzuri."

"Karatasi yangu ni nzuri!" Zoeb akaruka. Fundi huvumilia matusi mengi, lakini si ya vifaa vyake. "Si ubaya wa karatasi. Haioni nyekundu, basi. Ndiyo maana chumba cha giza twawasha taa nyekundu, nayo karatasi haiharibiki. Ukiilisha negativu ya rangi, kilicho chekundu kitatoka cheusi na buluu itatoka nyeupe, na picha nzima itafifia kana kwamba umeitazama ndani ya chandarua. Fundi wa kweli hafanyi hivyo. Niliona haya hata kuwakabidhi."

"Lakini ulifanya."

Mzee akafumba macho.

"Basi yule mwanamke hakuvaa buibui jeusi," Mapenzi akasema.

Akalichukua lenzi la Zoeb lililokuwa pale mezani, akamwinamia mwanamke wa pichani. Sasa alijua anachotafuta. Nyongani palikuwa na mstari mwembamba, hafifu, uliozunguka: pindo. Buibui halina pindo nyongani. Vazi hili lilikuwa vipande viwili, juu joho fupi lililoungana na kofia ya kichwa, chini sketi ndefu. Mara ngapi alikuwa amewaona wanawake wa Kibohora wakienda msikitini kwao wamevaa hivyo, kila mmoja na rangi yake! Wenyewe huliita rida.

"Mzee Zoeb, nani nyumbani humu ana rida nyekundu?"

"Si nyekundu," Zoeb akasema. "Ni damu ya mzee."

Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, lakini lilikuwa limeshatoka. Njia ya mwongo ni fupi, na ya fundi mwongo ni fupi zaidi, kwa sababu hawezi kukuacha ukosee rangi.

"Kesho Lamis anapandishwa kizimbani kwa kuua," Mapenzi akamwambia. "Adhabu yake waijua."

"Mimi sikumtaja Lamis! Sikumtaja mtu! Athmani alishawaambia nilipiga, ningesemaje sina? Nilidhani mtaona buibui, na mabuibui yamejaa mji mzima. Nilidhani mtatafuta, mtachoka, mtaacha."

"Hatukuchoka, mzee. Tulimchukua aliyekuwa karibu, asiye na mtu wa kumuulizia."

Zoeb alikiendea kile kiti cha wateja akakaa, pazia la bustani nyuma yake. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa picha iliyokwisha kunjika ncha, akampa Mapenzi. Ilikuwa ya rangi. Mlango ulikuwa buluu, kibao chekundu, na kati ya viwili hivyo mwanamke wa rida ya damu ya mzee alikuwa akienda zake kichochoro chote kitupu. Ogutu, ambaye hajali picha, alichungulia juu ya bega la Mapenzi akasema, "Ala!"

"Tangu nishike kamera sijapata kupiga picha kama hii," Zoeb akasema, na machozi yakamtoka. "Hii ni ya rangi, mwanangu. Hata kipofu angeichagua ya rangi. Naitembeza mfukoni kama mwizi."

"Ni nani?"

"Dadangu. Sabira."

"Ulimuuliza alifuata nini kwa Kasam?"

"Sikumuuliza."

"Muda wote huu, nyumba moja?"

"Ningemuuliza angenijibu. Na kama jibu lenyewe ni baya? Mke wangu alikufa. Wanangu wako ng'ambo, kuandika hawaandiki. Sabira alifiwa na mumewe akarudi kwangu, ndiyo nikawa na mtu wa kunambia kumekucha. Ningebaki na nani?"

Sauti ya mwanamke ikatoka juu ya ngazi, taratibu, bila kutetemeka. "Bhai," akamwita kakake, "waambie wageni wapande. Nimesikia."

Bi Sabira alikuwa mwanamke wa makamo, ameketi sakafuni kando ya sinia kubwa lililowekwa juu ya kigoda chake. Alikuwa ameshaandaa cha jioni. Mabohora hula sinia moja, watu wamelizunguka, na kabla ya tonge la kwanza kila mmoja huonja chembe ya chumvi. Sinia lile lilikuwa la watu wanane, na wali wa watu wawili ulikaa upande mmoja.

"Karibu, dada. Kasam alitaka kunioa," akasema kabla hajaulizwa. "Alimjia kaka mara mbili. Kaka akamwambia haiwezekani, si wa jamati yetu, si Mbohora."

"Na kweli si wa jamati yetu," Zoeb akasema kutoka mlangoni.

"Kweli. Lakini silo lililokuuma. Ulijua nikiolewa utabaki peke yako." Hakupandisha sauti. "Basi nikawa naenda kumjulia hali kwa kujificha, mtu mzima kama mimi. Alikuwa akiniachia mlango wazi. Siku ile nikaingia, nikamkuta chini ya ngazi."

"Amekufa?" Mapenzi akauliza.

"Alikuwa hai."

Daktari alikuwa ameandika hivyo hivyo, kwamba Kasam hakufa papo hapo. Mutunga alipoisoma ripoti alisema muuaji huyo hana moyo.

"Alinitambua," Sabira akaendelea. "Akanambia, 'Nimeteleza, Sabira. Ita mtu.' Nikatoka mbio niite mtu. Nikafungua mlango, na mtu wa kwanza niliyemwona ni kaka yangu, amesimama na kamera."

Zoeb aliushika mwimo wa mlango.

"Nikaingiwa na aibu. Mjane, natoka nyumbani kwa mwanamume aliyekwisha kataliwa. Nikageuza mgongo nikaenda zangu. Nikajiambia nitaita mtu kichochoro cha pili. Kichochoro cha pili nikajiambia Lamis atakuja kumpikia, ana ufunguo. Nikafika hapa nikaanza kuosha mchele."

"Lamis alikuwa na homa," Mapenzi akasema.

"Najua. Sasa najua."

"Ungeniita mimi!" Zoeb akalia. "Nilikuwa pale pale, Sabira! Ungesema tu, bhai, njoo! Nilidhani hukuniona!"

"Ungenifukuza."

"Nikufukuze? Mimi niliyewadanganya polisi ili usitoke humu?"

"Hukunambia," Sabira akasema. "Nami sikukwambia. Tumekaa hapa kila siku magoti yakigusana, na kila mtu akimwogopa mwenzake."

Mapenzi alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuificha. "Na mwanamke mwingine amelala juu ya saruji kwa ajili ya huo woga wenu. Bi Sabira, maneno haya utayaandikisha kituoni, jioni hii, mbele ya mkuu wangu. Yatakayokupata sheria ndiyo itakayosema, mimi sikuahidi kitu. Lakini Lamis leo analala kwake."

"Nitayaandikisha. Ndiyo maana nikawaita mpande."

Akaingia chumbani, akarudi na rida ya damu ya mzee imekunjwa vizuri, akampa Ogutu kwa mikono miwili. Ogutu akaitia kwenye mfuko wa ushahidi. Mapenzi akaziweka picha zote mbili katika bahasha moja.

Zoeb alikuwa amekwenda kukaa mbele ya sinia, mahali pake. Alikuwa ameshika kikopo cha chumvi bila kukifungua.

"Nitakungoja, Sabira," akasema. "Hata ukichelewa, nitakungoja tule."

Sabira alikuwa tayari ameshika njia ya ngazi. Akamgeukia.

"Usiningoje, bhai. Kula peke yako. Uzoee."